Mwali na Kiziwi

Agosti 10

Nimeolewa. Nimeolewa! Nimeliandika mara mbili ili nilitazame vizuri, na bado naona kama linamhusu mtu mwingine mwenye bahati kunizidi.

Daftari hili amenipa mume wangu. Anasema mwandiko wangu unawashinda wote hapa, kwa hiyo msimu huu mimi ndiye nitakayeandika habari za miti: imechanua lini, majani yakoje, matunda yakoje. Mwisho wa msimu maelezo yatakwenda kwa mkaguzi wa mbegu, na aina mpya ya mpichi itaandikishwa kwa jina la familia. Nikamwambia miti nitaiandika, lakini na yeye nitamwandika, maana naye ni aina mpya, sijaona mfano wake popote. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Ana pengo dogo kati ya meno ya mbele. Kwa pengo lile niko tayari kupalilia bustani nzima kwa kijiko.

Dirisha la chumba chetu linatazama bustani. Mlango wa kabati haufungi, tumeuzuia kwa kiatu chake. Hata kiatu nakipenda.

Leo nimepikia familia nzima kwa mara ya kwanza. Baba mkwe ameongeza sahani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ameramba kijiko. Mama mkwe amekula, amefuta mdomo, ameinuka. Hakusema kitu.

Agosti 13

Nieleze miti, ndiyo kazi niliyopewa.

Mipichi ya bustani hii ni mingi, lakini miwili tu ndiyo inayowakosesha watu usingizi. Imesimama pande mbili za banda la zana kama walinzi wasiosalimiana. Wa kulia ni wa baba mkwe. Aliuotesha kutoka kwenye kokwa na anauita Kiziwi, kwa sababu jua likiita miti yote iamke, wenyewe hausikii. Huchanua wa mwisho. Wa kushoto ni wa mume wangu. Alichukua unga wa ua la mti mmoja akalipaka ua la mti mwingine kwa brashi ya rangi, akalifunga kitambaa ili nyuki wasiingilie mambo yasiyowahusu. Kokwa ya tunda hilo akaiotesha, na mti huo ulizaa kwanza mwaka ule tuliojuana. Pichi lake la kwanza kabisa aliniletea mimi, limefungwa kwenye leso, mpaka mlangoni kwa mama yangu. Nililila nimesimama, maji yakanitiririka hadi kiwikoni. Tangu nizaliwe sijala kitu kitamu kama kile! Tulipooana akaubatiza mti wake Mwali.

Mmoja tu utabaki. Baba mkwe ameshasema: utakaoshinda msimu huu utaandikishwa, na macho yake, yaani vichipukizi vya matawi yake, yatabebeshwa kwenye miche yote mipya. Utakaoshindwa utakatwa. Hataki kuuza aina mbili mpya kutoka bustani moja, wanunuzi wakachanganyikiwa.

Na mwamuzi ni mama mkwe, ambaye hapa wote tunamwita Mama. Sheria ya nyumba hii ni kwamba aliyepanda mti hauhukumu, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Siku ya kuonja Mama hukaa barazani, anapewa kipande, anakula, anasukutua mdomo kwa glasi ya maji, anapewa kingine. Halafu anasema. Akishasema, hata baba mkwe, ambaye hubishana na redio, hunyamaza.

Nimemuuliza mume wangu kama anaogopa. Akasema, "Niogope nini? Mama ananipenda, na Mwali ni mzuri."

Mimi naogopa kidogo. Leo pia nimepika. Mama hakusema kitu.

Agosti 22

Mwali umechanua!! Maua makubwa, ya waridi, petali zimefunguka kama viganja. Nimekaa chini yake nikaona aibu, kana kwamba nimeingia chumba cha watu.

Mkaguzi wa mbegu amekuja kupima. Humu ndani anaitwa Bwana Rula, kwa sababu hakohoi bila rula. Amepima petali, amehesabu stameni, amenionyesha jambo la ajabu: chini ya kila jani, pale linaposhikana na kikonyo, kuna vipele viwili vidogo. Vya Mwali ni mviringo. Vya Kiziwi, anavijua tangu mwaka jana, vimepinda kama maharage. "Watu hutazama uso," aliniambia, "mimi hutazama kikonyo." Nimeandika vipele. Nimeandika pia kwamba shingo ya mume wangu ina kidoa cheusi nyuma, upande wa kulia, mviringo.

Kiziwi bado kimelala. Fimbo tupu.

Agosti 29

Baridi imetupiga alfajiri. Baba mkwe aligonga dirisha akisema, "Jamani, umande unaganda!" Tukatoka mbio. Mume wangu alikuwa na shati limegeuzwa ndani nje. Tuliwasha majani mabichi chini ya Mwali ili moshi uyafunike maua, nami nikapepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka mikono ikafa ganzi, nikiomba, nikikohoa, nikilia kwa moshi na kwa kulia kwenyewe. Jua lilipotoka, maua ya upande wa juu yalikuwa ya kahawia. Ya chini yamepona. Nusu, labda zaidi ya nusu.

Baba mkwe aliusogelea mti wake, akaupiga kofi shinani. "Mnaona faida ya uziwi? Huyu hata hajui kulikuwa na baridi."

Mume wangu hakucheka. Nimemshika mkono njia nzima hadi jikoni. Ulikuwa unanuka moshi, nikaunusa mpaka akaniuliza kama nimepungukiwa.

Septemba 9

Kiziwi kimeamka. Maua madogo, yamejikunja kama kengele, rangi ya waridi iliyofuliwa mara nyingi. Nimejitahidi kuandika kwa haki.

Septemba 10

Nimepika. Hakusema kitu.

Septemba 24

Tunapunguza matunda. Yakiachwa yote yatabaki kama kokoto, kwa hiyo mengi yanang'olewa yakiwa bado madogo yenye manyoya, ili kila linaloachwa lipate nafasi ya kiganja. Nilikuta mawili yamekua yameshikana shavu kwa shavu, nikashindwa. Wifi alikuwa ngazini upande wa pili.

"Wifi, ng'oa."

"Yanapendana."

"Yanapendana! Ng'oa, mwanamke, kabla sijashuka! Ukilima bustani kwa mashairi utakula majani."

Nikang'oa moja, nikaliweka mfukoni.

Nikamuuliza, kwa kuwa tulikuwa tunacheka, kwa nini mama yake hanipendi. Akaacha kucheka. "Nani kasema?"

"Hajawahi kusifia chakula changu. Hata kukikosoa hajakikosoa."

"Mama?" Alikuna kichwa. "Mama wa zamani angekuambia vitunguu vimekaangwa dakika moja zaidi. Siku hizi sijui. Tangu augue homa ile ya kipupwe, kabla ya harusi yenu, amekuwa mpole." Akafikiri. "Labda anakuheshimu."

Mtu hamheshimu mkwe kiasi cha kushindwa kusema chumvi imepungua.

Oktoba 5

Mvua ndogo. Mume wangu amechonga kibao cha Mwali, ameandika jina kwa rangi nyekundu, herufi zinapanda mlima. Amekitundika nyuma ya mlango wetu mpaka siku ya ushindi. Nakitazama kila ninapoamka. Ee Mungu, Mama aupende.

Oktoba 6

Nimepika kwa mikono miwili na moyo wote. Hakusema kitu.

Oktoba 18

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa bustanini nikipima matunda ya Kiziwi. Upepo ukaniletea harufu ya kitu kinachoungua, mbaya, ya kukwaruza koo. Nikakimbia. Jikoni nikamkuta Mama amekaa kwenye kigoda anamenya maharage, mgongo wake kwenye jiko, na sufuria nyuma yake imekauka, imekuwa mkaa mtupu ndani. Moshi ulikuwa unatoka dirishani. Naye alikuwa anaimba.

"Mama! Sufuria!"

Akageuka. Akaona. Nilimwona uso wake kabla hajapata nafasi ya kuupanga, na ulikuwa uso wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Nilisinzia," akasema.

Mbele yake kulikuwa na bakuli la maharage yaliyomenywa, limejaa. Mtu hamenyi maharage usingizini.

Nilizima jiko, nikatumbukiza sufuria kwenye maji. Halafu sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikachukua kitunguu nilichokuwa nimekata asubuhi, nikamletea karibu na pua. "Mama, hiki kinanukaje?"

Alikitazama kwa muda mrefu. "Funga mlango, mwanangu," akasema.

Tangu homa ile hasikii harufu yoyote. Na ladha imekwenda nayo. Chumvi ni mchanga tu, sukari ni mchanga laini. Chai anaijua kwa moto wake. Alidhani itarudi baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya harusi. Hajamwambia mtu, hata baba mkwe.

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu msimu ni huu. Nikisema ulimi umekufa, wale wawili wataamuliwa na nani? Baba yako huyo anavuta kiko tangu ujana, kwake pichi na kiazi ni ndugu. Na mumeo ameufia mti wake. Watagombana. Nawajua, mmoja nimeolewa naye na mwingine nimemzaa."

Nikalia. Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi! Huku nalia nilikuwa na furaha ya aibu: kumbe hakunichukia. Kumbe miezi yote hii nimekuwa nikimpikia mchanga, naye akila mpaka sahani ikaisha ili nisivunjike moyo.

Oktoba 19

Mama ana wazo, na wazo lake limeninyima raha.

Anataka mimi niwe ulimi wake. Siku ya kuonja nitakata matunda jikoni, nitaonja kwanza, nitampelekea na glasi ya kusukutulia. Glasi ikijaa, tunda ni zuri. Ikiwa nusu, tunda limepungua. Yeye atatamka.

"Lakini Mama, mimi ni mke wa mwenye Mwali!"

"Najua. Ndiyo maana lazima kwanza nikufundishe."

Oktoba 27

Mafunzo, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa. Wifi anadhani tunashona.

Mama ananifunga macho kwa kitambaa cha vyombo, ananilisha: maji yenye sukari, maji yenye ndimu, kipande cha tunda la sokoni, ganda lake peke yake. Ananiuliza. Nami najibu, "Tamu!" Ananipiga kidole kidogo kwenye paji la uso.

"Tamu kama nini?"

"Tamu sana."

"Wewe kila kitu kwako ni tamu sana. Ni bibi harusi, hata dawa ya minyoo ungeisifu. Inaanzia wapi mdomoni? Inakaa? Inakwenda? Ikishakwenda inaacha nini?"

Yeye hawezi kuonja, lakini maneno yote anayo. Mimi naweza kuonja, lakini maneno yangu yameishia kwenye kadi za harusi. Nikisema, "Kuna kitu kinachokwaruza mwishoni," anasema, "Kama ganda la chungwa, au kama chai iliyolala?" Nafumba macho tena ndani ya kitambaa. "Kama chai iliyolala." Nasikia anatabasamu. Sijui tabasamu husikikaje, lakini nililisikia.

Novemba 8

Mvua ya mawe imepita jirani. Imetukosa. Mume wangu amepima mbali kwa kuhesabu radi, akanikumbatia mbele ya baba yake! Nikaona haya. Baba mkwe akasema, "Endeleeni, mimi naangalia mawingu."

Novemba 15

Mwali unaiva. Mashavu mekundu kama yamepigwa busu. Watu wanasimama kwenye uzio kuutazama. Kiziwi ni kijani chenye manjano ya wasiwasi, na manyoya mengi. Moyoni nasema: Mama asipoweza kuonja, angalau ataona.

Kisha nakumbuka kwamba anayeonja ni mimi.

Novemba 26

Nimefanya jambo, na siwezi kulifanya lisiwe limefanyika.

Mama alinifunga macho. Vipande viwili vya leo. Hakuniambia ni vya nini, na kokwa na ganda alikuwa ameviondoa.

Cha kwanza kilianza vizuri, kikaniahidi mambo. Halafu kikaishia njiani. Utamu wake ulikuwa wa maji ya sukari, hauna mtu ndani. Na mwishoni, nyuma ya ulimi, uchungu kama mbegu ya chungwa uliyoitafuna kwa bahati mbaya. Nikamwambia hivyo.

Cha pili kilianza kwa ukali, nikakunja uso. Mama akasema, "Ngoja." Nikangoja. Ukali ukafunguka, ukawa utamu mzito wenye harufu, ukapanda mpaka puani, ukakaa. Nilimeza na bado ukakaa. Nikasema, "Mama, hiki kinafanana na mtu anayekununia mwanzoni halafu unagundua ndiye anayekupenda kuliko wote."

Mama akanifungua macho.

Cha kwanza kilikuwa Mwali. Sikuhitaji kuambiwa, nilijua kabla sijaona, na bado nilipoona kokwa yake kwenye sahani nilikaa chini sakafuni. Kokwa ya Mwali imeng'ang'ania nyama. Nilikuwa nikiona ni uzuri: haitaki kuachana!

"Labda hili moja tu," nilisema.

Tukaonja jingine. Na jingine la upande wa jua. Na jingine.

Kwa hiyo lile la kwanza, la kwenye leso, lilikuwaje? Nimejiuliza swali hili mpaka kichwa kinaniuma. Lilikuwa tamu, au yeye ndiye aliyekuwa amesimama pale?

Novemba 27

Mume wangu amenichomekea ua nyuma ya sikio. Sikuweza kumtazama.

Novemba 29

Mvua.

Novemba 30

Mvua. Mume wangu anasema mvua ikizidi itazimua matunda. Nimejikuta naomba izimue Kiziwi peke yake. Maombi gani haya?

Desemba 2

Jua. Kiziwi nacho kimemaliza kuiva. Siku ya kuonja ni Jumamosi. Nimejaribu kumwambia mume wangu tukiwa tunakunja nguo. Nikasema, "Na kama Mama akichagua Kiziwi?" Akanishika kidevu. "Basi nitaukata Mwali mwenyewe kwa mkono wangu. Lakini hatachagua. Mbona unatetemeka, malkia?" Nikasema ni baridi. Jasho lilikuwa linanitoka.

Jana Mama aliniambia, "Ukiona huwezi, jaza glasi zote mbili. Sitakuuliza." Kwa nini aliniambia hivyo? Afadhali angenilazimisha.

Desemba 6, Jumamosi

Naandika yote, kama yalivyokuwa.

Meza ilikuwa barazani. Baba mkwe na kiko chake kisichowashwa. Mume wangu na shati nililompigia pasi, na kibao cha Mwali ameegemeza miguuni, kimefunikwa gazeti. Wifi ameegemea nguzo. Bwana Rula ameshafungua kalamu. Mama katikati, mikono juu ya meza.

Jikoni nilikata matunda yote mawili nikaonja tena. Niliomba mvua iwe imebadili kitu. Haikubadili. Kiziwi kilikaa mdomoni kama mgeni aliyekaribishwa. Mwali ulipita.

Nikampelekea Mama Kiziwi kwanza, na glasi imejaa pomoni. Akala, akasukutua, akaitikia kwa kichwa taratibu.

Nikarudi kwa Mwali. Nikamimina maji nusu. Nikaitazama ile nusu. Nikaongeza mpaka ikajaa. Nikaona pengo la meno ya mume wangu, na leso, na moshi wa alfajiri ile. Nikamwaga mpaka nusu. Nikajaza tena.

"Wifi!" wifi akaita. "Unachimba kisima?"

Nikamwaga. Nikatoka na nusu.

Mume wangu akanikonyeza. Alidhani natetemeka kwa fahari! Nikaweka glasi mezani. Mama akaiangalia, halafu akanitazama mimi, uso wangu, ambao sijui ulikuwaje. Alikuwa ameshainua kipande. Akakirudisha sahanini.

"Hapana," akasema. "Siwezi kujificha nyuma ya mtoto wa mwenzangu."

"Mama Mkubwa, vipi?" baba mkwe akauliza; humwita hivyo akitaka kumchekesha.

"Mzee, tangu homa ile ya kipupwe sionji kitu. Wala sinusi. Ulimi wangu ni kama kipande cha ubao."

Baba mkwe akacheka. "Unanitania."

"Lini nimewahi kukutania mbele ya wageni?"

Kicheko kikafa. Kiko kikamtoka mkononi, hakukiokota. "Miezi yote hii? Na mimi niko hapa?"

"Uko hapa, unabishana na redio."

Wifi akaziba mdomo. Bwana Rula akasema kwa upole, "Samahani, sasa mimi kwenye ladha niandike nini?"

"Muulize huyu." Mama akanionyesha kwa kidevu. "Nimempima nimemfunga macho, siku nyingi. Ana ulimi safi kuliko nilivyokuwa nao mimi."

Na hapo, jamani, uso wa mume wangu ukang'aa. Akakaa vizuri kitini. "Basi hakuna shida! Sema, mke wangu."

Alisema hivyo. Sema, mke wangu. Akidhani anajua nitasema nini.

Nikasema. Nilianza na Kiziwi: ukali wa mwanzo, unavyofunguka, harufu inavyopanda, kinavyokaa baada ya kumeza. Kalamu ya Bwana Rula ilikuwa inakwaruza. Kisha Mwali. Sikutumia neno tamu hata mara moja. Nilisema linaanza vizuri. Nilisema linaishia njiani. Nilisema uchungu. Nilimtazama yeye nikisema, kwa sababu niliona nikitazama pembeni itakuwa nimemsema nyuma yake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante," kama mtu anayemshukuru kinyozi. Akaokota kibao na gazeti lake, akashuka ngazi, akaenda.

Hakuna aliyefurahi. Baba mkwe ndiye aliyeshinda, naye alikaa akiushika mkono wa Mama kana kwamba ameukuta barabarani.

Desemba 7

Hajasema nami.

Desemba 8

Hajasema nami. Amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, akigeuka ataanguka. Mlango wa kabati uko wazi, amekivaa kiatu.

Desemba 9

Nimesikia msumeno tangu asubuhi. Nikafunika masikio kwa mto, halafu nikaona huo ni woga, nikaenda. Matawi makubwa ya Mwali yalikuwa chini, matunda mekundu yametawanyika majanini. Alikuwa amekaa juu ya tawi, jasho na vumbi la mbao usoni. Nilisimama mbali.

"Sikuumia kwa ajili ya mti," akasema bila kugeuka. "Mti ni mti. Ulijua lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Karibu."

Akageuka. "Ukalala karibu yangu siku zote hizo. Nikakuuliza mbona unatetemeka, ukasema baridi."

"Ningekuambia chumbani, ungeniangalia kama unavyoniangalia sasa. Halafu barazani ningejaza glasi."

"Glasi gani?"

Kumbe hakujua habari za glasi. Nikamweleza: kujaza, kumwaga, kujaza, kumwaga. Nikamweleza na maombi yangu mabaya ya mvua. Alisikiliza, na pembe ya mdomo wake ikaanza kucheza, akaikaza, ikamshinda.

"Ndiyo maana Dada alisema unachimba kisima."

"Usicheke, bado nalia."

Akanyoosha mkono. Nikauendea.

Hakuukata wote. Ameacha shina na tawi moja changa. Mchana alikwenda mwenyewe kwa baba yake kuomba macho ya Kiziwi. Alichana ganda la tawi la Mwali kwa kisu, akachomeka jicho ndani pamoja na kikonyo chake, akalifunga kwa utepe. Baba mkwe alishikilia utepe. "Kaza." "Nimekaza." "Kaza tena."

Desemba 12

Tumekaa mezani. Mama ameangalia sahani, akasema, "Haya, nieleze."

"Nini, Mama?"

"Ulichopika. Kikoje?"

Nikamweleza: vitunguu vilivyolainika mpaka vikapoteza ubishi, nyanya ya mwanzo yenye kuchoma, chumvi inayokuja baadaye. Alikula polepole akifuata maneno yangu. Baba mkwe naye aliacha kutafuna ili asikie. Mama alipomaliza akasema, "Vitunguu ungevitoa dakika moja kabla."

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kuosha vyombo.

Desemba 30

Bwana Rula ameleta maelezo tuyasome kabla hayajapelekwa. Maua madogo ya kengele, huchelewa kuchanua. Vipele vya kikonyo umbo la haragwe. Kokwa huachia. Kwenye ladha ni maneno yangu, neno kwa neno, isipokuwa lile la mtu anayekununia, ambalo amesema halina kipimo.

Jioni tulikwenda kutazama jicho. Nimekuwa nikiogopa: likiwa limekufa, kikonyo hukauka na kung'ang'ania, likiwa limeshika, kikonyo hudondoka ukikigusa. Kwa siku zote hizi sikutaka kugusa.

"Gusa," mume wangu akasema.

"Gusa wewe."

"Gusa, bwana. Wewe ndiye hakimu."

Nikagusa kwa ncha ya kidole. Kikadondoka. Jicho lilikuwa la kijani, limenenepa, limekaa kwenye mwili wa Mwali kana kwamba limezaliwa pale.

Tulikaa kwenye kisiki cha tawi. Alikuwa amelileta pichi la mwisho la Mwali, lililokuwa limesahaulika juu ya rafu ya banda, limesinyaa. Akalikata, akala kipande, akatafuna kwa muda. Akakunja uso kidogo, mwishoni, pale pale nilipomwambia.

"Kweli," akasema. Akageuza kokwa kiganjani. "Lile la kwanza. La kwenye leso. Nalo lilikuwa hivi?"

Nimekuwa nalo swali hilo tangu Novemba. Nilidhani likija nitatetemeka. Nikamtazama, kidoa cha shingoni, vumbi la bustani kwenye nyusi, pengo.

"Sijui, mume wangu," nikamwambia. "Sikulionja. Nilikuwa nakutazama wewe."